Kreni Ndani ya Simu

3 Februari

Nati mwanangu,

Marahaba. Nimeitika kabla hujaamkia, maana nakujua, utarukia habari. Sisi huku tu wazima. Baba yako alipita juzi na lori lake, akakaa saa nzima, akanywa vikombe viwili vya chai na kusema maneno matatu: "Chai ina sukari." Nikamwambia ndugu yangu, ukiendelea kuropoka hivyo utachoka mdomo. Jirani yangu fundi cherehani anakusalimu sana. Amepata mashine mpya, na mtaa mzima sasa tunaamka kwa mlio wake.

Mimi nimetoka hospitali, hii ni wiki ya tatu. Mguu unatembea. Mdomo umerudi mahali pake, na ungenisikia ninavyogombana na muuza mkaa ungejua kiharusi hakikupata kitu huko. Mkono wa kulia unaendelea. Tuyaache hayo.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye namwita Bibi Mpira kwa sababu kila siku ananipa kipira niminye, ameniamuru niandike ukurasa mmoja kwa mkono huo kila wiki. Nikamuuliza, nimwandikie nani zama hizi? Akasema yeyote. Basi yeyote ni wewe. Na barua hujibiwa kwa barua, usije ukanitumia vijumbe vya simu vyenye vikatuni vya kucheka.

Msimamizi wa karakana ni mtu mwema. Amesema kiti changu cha kreni hakitapewa mtu wa kudumu mpaka mwisho wa Agosti. Tarehe mosi Septemba nitapanda kupimwa. Nikifaulu, narudi juu. Nikishindwa, nitapelekwa getini kufungulia malori, na miaka yangu ishirini na sita ya kuinua mabamba ya chuma itabaki hadithi.

Simu imefika, mwanangu. Asante, Mungu akuzidishie pale ulipopunguza. Ni kubwa, nikiishika naona kama nimeshika kibao cha kukatia vitunguu. Nacheza ile gemu ya kupanga peremende za rangi moja, nimefika hatua ya arobaini na mbili. Lakini fundi cherehani anasema simu ya nguvu hivi kuichezea peremende ni dhambi. Hebu niambie wewe mwenye kazi yako, simu kama hii inafaa gemu za namna gani?

Shangazi yako

*

16 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili mpelekee fundi cherehani, kwa kuwa ndiye aliyeandika ile barua. Mwandiko ule umenyooka kama pindo la suruali. Wewe hata kabla hujaugua hukuwahi kuandika mistari miwili iliyo sambamba. Bibi Mpira umemdanganya, mimi hunidanganyi.

Kwangu salama. Chumba ni kile kile cha ghorofa ya tatu, dirisha linatazama ukuta. Mezani nina simu sita zimesimama kwenye vishikizo, na feni ndogo inazipepea kama wagonjwa wa homa. Kazi ndiyo hiyo: najaribu gemu kabla hazijauzwa, nacheza kutwa nzima nikitafuta zinapokwama. Baba nilimpigia Jumapili. Alisema "Haya" mara nne, nikaona siku hiyo amechangamka.

Sasa swali lako. Fundi cherehani amesema kweli. Kuichezea peremende simu hiyo ni kama wewe kupandishwa kwenye kreni ya tani ishirini ukaambiwa uinue ndoo ya maji. Peremende zinachezeka hata kwenye simu ya mlinzi wetu yenye kioo kilichopasuka. Simu ya nguvu imetengenezwa kwa gemu zinazotaka hesabu nyingi kwa wakati mmoja. Kuna mbio za magari, ambapo kila tairi linahesabiwa peke yake na barabara inakujia bila kukatika. Kuna vita vya watu mia, kila mmoja yuko nchi yake na wote mnaonana papo hapo. Kuna zile za mji mzima uliowekwa wazi, unatembea utakako, kuna jua, kuna mvua, kuna watu wanaokupita wakiwa na safari zao. Kwenye simu dhaifu gemu hizo zinagandaganda. Unagusa sasa, gari linakata kona baadaye, na mkono ukishaona unadanganywa unaacha kujitahidi.

Nimekuwekea tatu, moja ya kila aina. Zijaribu. Na barua ijayo niandikie mwenyewe, hata kama ni mistari mitano na yote imelala chali. Mkono unaendeleaje hasa?

Nati

*

12 Machi

Nati,

Haya. Huu ndio mwandiko wangu, ushibe. Ukurasa huu umenichukua siku nne. Fundi cherehani nimemfukuza chumbani, anacheka vibaya.

Baba yako hajambo. Bibi Mpira hajambo. Kuhusu mkono umeuliza, nami nimekusikia.

Nimecheza. Mbio za magari nimekuwa wa mwisho mara kumi na moja. Yule wa nyuma alipopiga honi, nilimpisha. Fundi cherehani akapiga kelele kwamba hawapishwi, haya ni mashindano. Nikamwambia mimi nimefundishwa kazi: mwenye haraka mpishe, usife naye. Kwenye vita nilipanda juu ya paa nikakaa, mpaka kijana mmoja wa nchi sijui gani akanipiga risasi. Sikumlaumu, hatujuani.

Ule mji ndio nimeupenda. Nimetembea kwa miguu siku tatu, magari ya watu nimeyaacha yalipo. Mwisho nikafika mahali pa kushushia mizigo, nikaona kreni. Kreni kubwa, Nati, rangi ya njano, mpaka kutu wameichora. Nikatafuta ngazi. Hakuna ngazi! Nimeizunguka asubuhi nzima kama mbuzi aliyefungwa kambani. Haipandiki, haigeuki, ni pambo tu. Watu wenye akili ya kuhesabu kila tairi la gari wameshindwa kuweka ngazi?

Nilikasirika nikailaza simu kifudifudi. Kisha nikalia kidogo. Usiniulize kwa nini, unajua.

Asante lakini. Zamani mkono huu ulikuwa unalala mapajani kutwa. Sasa angalau unajaribu kumpisha mtu.

Shangazi

*

28 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe. Najua ni wiki sita na zaidi. Niliipokea barua yako, nikaisoma nimesimama pale pale mlangoni na viatu mkononi. Tangu hapo kazi imenibana. Sili vizuri, silali vizuri, lakini siumwi, usianze kumtuma Baba aje na lori.

Sina habari nyingi za nyumbani kwangu kwa kuwa sijakaa sana nyumbani. Mlinzi wetu ameoa. Feni yangu imekufa, nimenunua nyingine.

Sasa sikiliza. Wenzangu hapa kazini wanatengeneza gemu ya kreni. Si ya barabarani, ni ile ya ndani ya karakana, inayotembea juu kwenye reli na dereva amekaa kibandani chini ya boriti. Kama yako. Wanahitaji mtu anayeijua kazi awaambie walipokosea. Nikawaambia namjua mmoja, ila ana mdomo. Wakasema mdomo ndio tunaoutaka.

Nimekutumia kiungo kwenye simu, kibonyeze, gemu itajipakua yenyewe. Ni gemu nzito. Kila pingili ya mnyororo inahesabiwa, na mzigo unabembea kwa uzito wake wa kweli, ndiyo maana ikaletwa kwenye simu kama yako. Utaona kishikio kimoja kulia na kimoja kushoto, kila kimoja unakisukuma kwa kidole gumba. Ukiuvuta mzigo kwa nguvu simu itatetemeka mkononi.

Icheze kila siku tafadhali. Waambie kweli, usiwaonee haya.

Nati

*

9 Mei

Mwanangu Nati,

Hatujambo hapa. Baba yako amepita, amenikuta nacheza, amekaa nyuma yangu akitazama mpaka chai ikapoa. Akasema, "Hiyo ni yako." Sijui aliisemea kreni au simu.

Waambie wenzako haya.

Kwanza, mzigo wenu unatulia upesi mno. Bamba la tani tatu halisimami kwa sababu wewe umesimama. Linaendelea mbele na safari yake. Unalifuata kidogo na kreni, unalikamata juu ya mwendo wake, pale linapofika mwisho wa kubembea, ndipo mnasimama pamoja. Asiyejua hivyo hajawahi kuinua hata kapu.

Pili, mpiga ishara wenu pale chini ni muuaji. Ishara yake ya kusimama inafanana na ya kushusha. Kwetu mtu wa hivyo anarudishwa kwao siku hiyo hiyo.

Tatu, mlio. Nikiweka bamba chini gemu inapiga "kwaa!" na kunipa nyota tatu. Nyota za nini? Ukisikia mlio, hukuweka, umeangusha. Mzigo ukitua vizuri, watu wa chini hawageuki.

Taulo la bluu mlilolichora kibandani nimeliona. Limenipendeza.

Nimecheza saa mbili leo, na kidole gumba cha kulia kinauma. Kimeuma, Nati. Tangu Januari hakijawahi kuuma.

Shangazi

*

2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma mstari wako wa mwisho mara nyingi kuliko nitakavyokubali kusema.

Wenzangu wanakushukuru sana. Mpiga ishara amefukuzwa, yupo mwingine. Mzigo sasa unaendelea na safari yake. Kile cha kuukamata juu ya mwendo kiliwatoa jasho wiki mbili, ilibidi hesabu yote ianzwe upya, na simu zangu mbili za majaribio zilipata moto hadi zikajizima. Ya kwako haitajizima, lakini icheze mbali na jua. Nyota tumeziondoa, yaani wameziondoa. Sasa ukitua bila mlio, watu wa chini hawageuki. Hiyo ndiyo zawadi.

Nina maswali mawili. La kwanza, hujasema chochote kuhusu vishikio. Vimekaa sawa? La pili unalijua. Nimekuuliza tangu Februari unaniruka kama dimbwi. Mkono ukoje? Nisipojua, nabaki kujichorea mwenyewe, na ninavyochora ni vibaya kuliko ukweli.

Nati

*

27 Juni

Nati wangu,

Salamu za hapa ni nyingi. Fundi cherehani amekata kidole kwa mkasi, kidogo tu, nami nikamfunga kitambaa mwenyewe kwa mikono miwili. Soma tena hapo: miwili.

Haya, nakujibu, kwa kuwa sasa nina la kusema. Nilipotoka hospitali mkono huu haukuwa wangu. Nilikuwa nikiamka nauona pembeni yangu, nadhani nimelalia mkono wa mtu. Moto hausikii, baridi hausikii. Siku moja niliushikisha sufuria ya uji, nikajua nimeungua kwa kuona ngozi. Ndiyo maana nilimwandikisha jirani. Sikutaka uuone mwandiko wa mtu aliyekwisha.

Kipira cha Bibi Mpira nilikiminya siku mbili, siku ya tatu nikakitupa uvunguni. Kuminya mpira ni kuminya mpira, hauendi popote. Lakini bamba la chuma likiwa linaning'inia huwezi kuliacha hewani ukaenda kunywa chai. Kuna watu chini. Ni watu wa kuchora, najua, ila mimi nimezoea hivyo. Basi nalishikilia mpaka litue. Mwezi wa tano nikaanza kuusikia mtetemo wa simu kwenye kidole gumba, halafu cha shahada, halafu kiganja. Sasa nafunga vifungo vya gauni. Bibi Mpira amenipima kwa kijimashine chake, akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia nimerudi kazini.

Amesema si gemu peke yake, mwili nao una wakati wake. Sawa. Lakini yeye hajui nilivyokuwa nikikaa.

Asante, mwanangu. Waambie na wenzako asante, kama wapo wa kuambiwa.

Umeniuliza vishikio. Vipo, viwili.

Shangazi

*

20 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Barua fupi, ikuwahi.

Nitakuwa kazini tarehe mosi, lakini sitafanya kazi. Nimemwomba Baba asiwe safarini siku hiyo. Akasema, "Nilishasema." Kumbe alikwisha kumwambia bosi wake tangu Julai.

Panda polepole. Usisahau maji. Ukishindwa, getini napo ni pa watu, na wewe ni shangazi yangu hata ukifungua mlango wa kuku. Lakini hutashindwa.

Nati

*

1 Septemba

Nati mwanangu,

Leo salamu ni fupi. Wote wazima. Baba yako yuko hapa, ameegemea lori, hataki kuingia ndani mpaka nimalize kukuandikia.

Nilifika karakana saa mbili. Walinipokea vizuri mno, hata wale niliowahi kuwatukana kwa kipaza sauti. Chini ya ngazi nikasimama. Ngazi ni ile ile, vidato thelathini na vinne, lakini nilivitazama kama ndiyo mara ya kwanza. Baba yako akasimama nyuma yangu. Akasema, "Panda." Nikapanda.

Kibandani nikakaa, nikapangusa vishikio, nikapiga kengele. Msimamizi alitaka kwanza nipandishe ndoano tupu. Nikashika, nikavuta ipande. Haikupanda. Kreni nzima ikaondoka kwenda pembeni, kiasi cha hatua mbili, kabla sijaisimamisha.

Chini hakuna aliyestuka. Waliona nachangamsha mashine. Msimamizi alinipungia mkono niendelee. Nati, ningeendelea, na nadhani ningefaulu, maana nilishajua kosa liko wapi. Lakini nilikaa pale nikawaza: ndoano ikiwa na bamba, na mtu akiwa chini, je? Nikapiga kengele mara tatu, nikashuka. Nikamwambia msimamizi mbele ya watu, "Mkono umepona. Kichwa ndicho kimegeuka. Nilitaka kupandisha, nikatembeza."

Akanitazama sana. Akasema madereva aliowapima wote, wa kushuka mwenyewe kuja kujishtaki hajampata. Amenipa wiki mbili, kila asubuhi saa nzima kwa ndoano tupu, kisha anipime tena.

Sasa nikuambie kilichonigeuza kichwa, maana usipokijua leo utakisikia kwa mwingine.

Kwenye kreni yangu kishikio cha kupandisha kiko kushoto, cha kutembeza kiko kulia. Kwenye gemu yenu cha kupandisha kiko kulia. Taulo langu la bluu linaning'inia kwenye msumari nyuma ya kichwa changu. Nyinyi mmelitundika mbele ya macho yangu. Chupa ya maji iko upande usio wake. Kila kitu mle ni changu, na kila kitu kimegeuka, kama aliyekichora alikuwa amekaa akinitazama usoni. Na kisanduku cha zana, kile chekundu, ndicho pekee ambacho hakimo. Aliyechora hakukiona. Alikuwa amekikalia.

Kwa hiyo usinisalimie wenzako tena.

Shangazi

*

8 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naandika haraka, nawe leo ndiye utakayenicheka mwandiko.

Hakuna wenzangu. Nilikuwa mimi, baada ya saa za kazi, tangu siku ile barua yako ya kreni ya pambo ilipofika. Nilificha kwa sababu ungejua ni yangu ungeisifu hata ikiwa mbovu. Nilitaka uigombeze.

Nilichora nikifumba macho. Nina picha moja tu ya kibanda hicho kichwani, ya miaka ile miwili baada ya Mama kufariki, Baba yuko barabarani, natoka shule napanda ngazi na begi mgongoni, msimamizi anageuka upande mwingine asinione. Nakaa kwenye kisanduku, naandika hesabu magotini, nikiinua macho nakuona wewe na taulo nyuma yako na mikono yako inayojua kila kitu. Mkono wa kupandisha mzigo ulikuwa upande wangu wa kulia. Sikuwahi kukaa kwenye kiti chako, Shangazi. Nimejaribu maelfu ya gemu, natafuta makosa ya watu kwa mshahara, na hili langu sikuliona.

Ungeweza kumwangushia mtu bamba. Hilo halinitoki. Ulijua tangu siku ya kwanza, kwa nini hukuniambia? Nimeanza kulirekebisha, kesho litakuwa tayari, kulia kutakuwa kulia na kushoto kushoto.

Na kuna lingine, maadamu nimefungua mdomo. Januari ulipokuwa umelala hospitali nilisema nimenyimwa ruhusa. Sikunyimwa. Sikuiomba. Niliogopa kuuona mkono ule umetulia. Nisamehe. Ulinilea kwa mkono huo, nami nikashindwa kuja kuushika.

Nati

*

17 Septemba

Nati, mwanangu wa kwanza na wa mwisho,

Marahaba, na nimekusamehe tangu Januari. Ulidhani sijui? Msimamizi wako alipiga simu kunipa pole, akashangaa hukusafiri. Nilinyamaza. Hata mimi nilikuwa siutaki kuuona mkono huo, nawe ni damu yangu.

Fundi cherehani anakusalimu. Baba yako anakusalimu kwa sentensi nzima, nitakuandikia chini.

Kwanza hilo la gemu. Usiguse! Ukilirekebisha nitakuja huko nikuchape mbele ya simu zako sita. Umeniuliza kwa nini sikusema. Siku ya kwanza nilishika simu nikaona umegeuza, nikacheka, nikataka kuandika. Kisha nikafikiri. Kwenye kreni ya kweli kazi ya ustadi ni ya kupandisha na kushusha, na hiyo ni ya mkono wa kushoto. Wa kulia unatembeza tu. Kama ungenipangia sawasawa, mkono mzima ungefanya yote, na huu mgonjwa ungekaa kama mgeni anayesubiri chai. Wewe kwa kukosea umempa mgonjwa kazi ngumu. Kila bamba nililolitua miezi minne hii, ni yeye aliyelitua. Kidole kimoja hakivunji chawa, nami nilihitaji cha pili kirudi, hata kwa mlango wa nyuma. Kosa lako limeniponya mwanangu, na ningekuambia ungelitengeneza.

Kosa langu mimi ni kudhani nikipanda ngazi kichwa kitajigeuza chenyewe. Kwa hilo nimejichapa kutosha, na wiki mbili za ndoano tupu zimelimaliza.

Bibi Mpira ameicheza, akaangusha mabamba saba. Anaomba utengeneze mbili. Wenye mkono mbovu wa kulia wapewe hii uliyoikosea, wa kushoto wapewe iliyonyooka. Ana wagonjwa kumi na wanne, na wote wamechoka na mipira. Simu ya nguvu ameshapata moja pale kliniki, watacheza kwa zamu. Usikatae.

Sasa habari yenyewe. Jana saa tatu asubuhi nimepimwa. Bamba la tani tatu, kutoka mlangoni hadi kwenye mashine ya kukatia, litue ndani ya mstari wa chaki. Kushoto nikapandisha, kulia nikatembeza. Likabembea, nikalifuata, nikalikamata, tukasimama pamoja. Nikashusha. Nikashusha tena kidogo. Nikatazama chini nione kama limefika, maana sikusikia kitu.

Watu wa chini hawakugeuka. Mmoja alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

Msimamizi akaandika, akapiga makofi, ndipo wote wakainua vichwa. Baba yako alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Nilipofika chini akanishika mkono wa kulia, akauminya, nami nikamminya mpaka akakunja uso. Akasema, "Mwandikie mtoto, mwambie nimesema asante kwa kunirudishia dada yangu." Nimehesabu, ni maneno tisa. Alinyamaza mpaka jioni.

Barua hii nakuandikia nikiwa juu, wakati wa mapumziko ya mchana, karatasi iko gotini. Mwandiko umepinda kama zamani, kabla ya kuumwa, furahi. Taulo liko nyuma yangu. Kisanduku chekundu kipo pale pale ulipokiacha, hakijasogezwa, nimekipangusa vumbi.

Omba ruhusa, safari hii uiombe kweli. Njoo upande ngazi. Ila kisanduku hicho nitakivuta, utakaa upande wangu.

Shangazi yako